Aliyesimama Nyuma ya Mashine

Mzee Osanai Tokuji alikuwa bado ameketi kwenye mashine yake ya kukatia nyasi. Kifua chake kilikuwa kimelalia usukani, na juu ya shingo yake lilikuwa limelala tawi la mtufaha, zito, limejaa matunda yaliyoanza kuwa mekundu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamechimba mashimo mawili kabla injini haijazimwa. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umetanda shamba zima, na kwa mbali ungedhani mzee amesinzia kazini.

Inspekta Fukushi Mitsue aliuzunguka mti. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyezaliwa katika mashamba hayohayo na kuyakimbia mara tu alipopata njia.

"Ajali, Afande," alisema Konstebo Tazawa. "Ameingia chini ya mti, amerudi nyuma, tawi likamkandamiza kwenye usukani. Kila mwaka tunazo mbili tatu za namna hii."

"Tawi lilikuwa chini hivi tangu lini?"

"Lilikuwa limeinuliwa kwa nguzo. Mkwewe ndiye aliyeifunga jana. Haikushika."

Mkwe mwenyewe, Daigo, alikuwa ameketi juu ya kreti la matufaha. Alikuwa mtu wa mjini, miaka thelathini na kitu, aliyehamia huku baada ya kumwoa binti wa mzee.

"Nionesheni pa kutia sahihi," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nguzo nilifunga mimi. Mke wangu hataki hata kunitazama. Ameniambia nimemuulia baba yake."

"Ulifungaje?"

"Kamba mara mbili, kama alivyonifundisha. Lakini mikono yangu hii, Afande! Mzee alikuwa ananifokea kila siku. Eti naacha nguzo ovyo kwenye nyasi, mashine inazikanyaga, visu vinavunjika. Alikuwa ananiita mtalii."

"Injini aliizima nani?"

"Mimi. Nilikuwa ghalani. Nikaisikia inalia sauti moja tu, haipandi, haishuki. Nikakimbia."

Tazawa alikuwa ameshaandaa maelezo: uzembe uliosababisha kifo. Sahihi moja tu, na Daigo angekwenda mahakamani, na katika nyumba ile asingeinua tena kichwa. Fukushi aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Subiri kwanza," alisema.

Alirudi kwenye mti. Hatua chache nyuma ya mashine, nyasi zilikuwa bado ndefu, na umande umezifanya nyeupe. Isipokuwa mahali pamoja. Pale zilikuwa zimelala, zimekandamizwa ardhini, na katikati kulikuwa na alama mbili za buti, ndogo, zimesimama pamoja, vidole vikielekea mashine.

Hapo ndipo mashine ingepita kama tawi lisingeizuia. Mtu alikuwa amesimama pale, kimya, kwa muda mrefu, akiitazama ikimjia.

"Tazawa, nani husimama nyuma ya mashine inayorudi nyuma?"

Konstebo alizitazama zile alama.

"Afande, usinicheke. Huu ndio mti wa Chihiro."

"Chihiro ndiye nani?"

"Mtoto wa Kon Fumi, jirani. Alikuwa anacheza kujificha, akasimama hapahapa anahesabu, macho ameyafumba. Mzee Osanai akarudi nyuma na trekta lake dogo bila kutazama, akamkanyaga. Ikaandikwa ajali. Tangu siku hiyo vibarua hawakubali kubaki peke yao kwenye mti huu. Wanasema injini ikinyamaza, unamsikia mtoto anahesabu."

Ukungu haukuwa na sauti yoyote, hata ya ndege. Fukushi alijikuta anasikiliza, akajikasirikia.

"Buti hizi si za mtoto," alisema. "Na mzuka haufungui kamba. Nguzo iko wapi?"

Waliitafuta kwenye nyasi, haikuwepo. Waliikuta kwenye mti wa pili, imeegemezwa kwenye shina, nje kabisa ya njia ya mashine. Kamba ilikuwa imezungushiwa juu yake vizuri, nzima, bila uzi uliokatika.

"Nguzo ikiteleza, huanguka," alisema Fukushi. "Hii ilitembea ikajiegemeza?"

"Labda Daigo aliiokota."

"Daigo? Si ndiye anayefokewa kila siku kwa kuziacha kwenye nyasi? Aliyeiweka hapa amekulia kwenye matufaha. Leo shambani kuna nani mwingine?"

"Kon Fumi mwenyewe tu, Afande. Yuko mstari wa chini, anageuza matunda."

Fukushi alikwenda peke yake, nguzo mkononi. Kon Fumi alikuwa juu ya ngazi, anashika tufaha moja moja na kuligeuza taratibu ili upande mweupe upate jua. Bosi wake alikuwa amekufa mistari miwili juu, naye alikuwa hajaacha kazi. Buti zake zilikuwa ndogo.

"Pole kwa msiba, mama."

"Tumeshapoa, Afande. Matufaha hayasubiri."

"Ulisikia chochote?"

"Mimi nilikuwa huku. Sikusikia kitu."

"Mashine ililia mpaka ikasikika ghalani."

"Masikio yangu yamezeeka."

"Ulikuwa unamchukia mzee Osanai?"

"Nilimsamehe. Kijiji kizima kinajua. Ningemchukia, ningekuja kumfanyia kazi kila vuli?"

Fukushi aliachia nguzo ikaanguka kwenye nyasi, kisha akageuka kutazama bonde.

Fumi alishuka ngazi. Aliiokota nguzo, akaiegemeza kwenye shina, akaizungushia kamba vizuri. Mikono ilikuwa imeshamaliza ndipo akaiona kazi yake. Alibaki ameitazama, halafu akaketi kwenye kipandio cha chini kabisa.

"Kumbe ndivyo nilivyofanya," alisema polepole.

"Niambie, mama."

"Sikuja leo kuua. Nilimwona anaingia chini ya ule mti, masikio ameyaziba kwa sababu ya kelele. Nikafungua kamba, nikatoa nguzo, tawi likashuka nyuma ya mashine. Kisha nikaenda kusimama nyuma yake, palepale aliposimama mwanangu. Nikajiambia, akigeuka ataliona tawi, na mimi ataniona, atasimama. Na mimi nitamsamehe kweli, si kwa mdomo tu. Alitakiwa kugeuza shingo, Afande. Basi."

"Hakugeuka."

"Hakugeuka! Hata baada ya mwanangu, alikuwa bado anarudi nyuma bila kutazama!"

"Na kama tawi lisingemzuia?"

"Angenikanyaga. Sawa tu."

"Alipobanwa, kwa nini hukuizima mashine? Kwa nini ulibaki pale?"

Fumi alijifuta uso kwa glovu yenye matope.

"Nilikuwa nangoja inyamaze. Vibarua wote wanasema pale anasikika mtoto anahesabu. Unadhani nilikuwa nakuja kwa Osanai kwa ajili ya nini? Vuli hata vuli nimesimama chini ya ule mti. Mimi mama yake, sijamsikia hata mara moja. Na leo Daigo akaja anakimbia, nikaondoka."

Fukushi alizitoa pingu kwa kuchelewa, kama mtu anayetafuta kitu ambacho hataki kukipata.

Walipofika ghalani aliitoa ile karatasi mfukoni, akaichana mbele ya Daigo.

"Nenda nyumbani," alimwambia. "Mwambie mkeo fundo lako halikulegea."

Daigo alimtazama Fumi, akafunika uso kwa mikono miwili na kulia kwa sauti.

Fumi aliwekwa kiti cha nyuma. Konstebo Tazawa aliwasha gari, akaingiza rivasi. Ukungu ulikuwa umekifunika kioo chote cha nyuma kwa weupe.

"Tazama nyuma kwanza, mwanangu," alisema Fumi.

Tazawa alizima injini, akashuka, akaenda nyuma ya gari kutazama.