Kibao cha Fundi wa Antena

Haya yalimpata rafiki wa dada yangu, mkata tiketi wa mnara wa simu, kule juu watu wanakopanda kutazama jiji. Mumewe alikuwa fundi wa antena papo hapo. Mafundi wana sheria moja: ukipanda mlingoti, unatundika kibao chako chenye jina kwenye msumari kando ya mlango wa chuma wa kupandia, na ukishuka unakitoa mwenyewe. Kikiwepo, mitambo haiwashwi. Mumewe, kila akishuka, alizoea kukitumbukiza chake mfukoni mwa koti la mkewe kwa utani: "Mama watoto, nimeshuka."

Wiki tatu zilipita tangu apande. Juu hakuonekana, chini hakuonekana.

"Shemeji, kakitoe kibao kwa niaba yake," msimamizi alimwambia jioni moja. "Nusu ya jiji haina mtandao."

"Nikitoe? Muwashe mitambo mwenzenu akiwa juu?"

"Nisamehe. Ni amri."

Alikwenda. Alipokiona kile kibao hakuthubutu kukigusa. Aliegemeza paji la uso kwenye mlango, uliokuwa umefungwa kwa kufuli, akalia, "Baba watoto, shuka basi, nakuomba."

Umeme ukakatika. Nyuma ya mlango, buti zikaanza kushuka ngazi moja moja, taratibu, kama za mtu aliyechoka sana. Zikakoma. Kitu kikalia kli.

Taa ziliporudi, kufuli lilikuwa limefungwa vilevile. Msumari ulikuwa mtupu. Akatia mkono mfukoni mwa koti lake atafute leso ya kufutia machozi, na vidole vyake vikagusa kibao, bado kina joto.