Dumu la Baba Kwenye Friji

Kila asubuhi Kiroboto alifagia sebule huku dada yake, mwanafunzi wa uuguzi, akimvizia mtu wa kumpima presha. Nyumba nzima ilishapimwa. Paka aliponea chupuchupu.

Siku hiyo dada alikuwa jikoni na baba, wakinong'ona. Kiroboto akapunguza mwendo wa ufagio.

"Mkojo wote, baba, mchana kutwa na usiku kucha. Weka kwenye dumu hili, likae kwenye friji. Majibu yakiwa mazuri, tunachukua figo moja."

Tunachukua! Shangazi alikuwa mgonjwa wa figo, hilo Kiroboto alilijua. Lakini figo ya baba?

Shuleni akamwambia rafiki yake, ambaye watoto walimwita Redio.

"Wee! Wale wanafunzi hujifunzia kwa watu," Redio akasema. "Baba yako ataparuliwa kama samaki, shauri yenu!"

Jioni, dada alipoenda kuoga, Kiroboto alifungua friji, akamwaga nusu ya dumu na kujazia maji ya bomba. Mkojo ukiwa mbovu, alijiambia, baba atabaki mzima.

Majibu yakaja. Figo za baba zilionekana dhaifu kama za mgonjwa. Hangeweza kumpa mtu. Shangazi alikuwa ametoka kwenye mashine ya kusafisha damu, miguu imevimba. Alikaa kwenye kochi, akavua viatu polepole.

"Basi, kaka. Usihuzunike. Umejaribu."

Kiroboto akasogea mbele yao.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwaga, nikatia maji."

"Wewe mtoto wewe!" dada akaruka. "Kwa nini?"

"Nilidhani unataka kujifunzia kwa baba."

Dada akakaa sakafuni karibu naye.

"Unajua, darasani mwalimu alituuliza kama kutoa kiungo ni jambo jema. Tukanyoosha mikono wote. Akauliza nani yuko tayari kutoa chake. Tukaanza kuangalia viatu vyetu. Hata mimi. Niliogopa, nikamsumbua daktari kwa maswali mpaka akanikimbia."

"Na mimi ndiye niliyejitolea," baba akasema. "Nilipewa nafasi ya kukataa, tena si mara moja. Watakaopasua ni madaktari bingwa. Dada yako atakuwa nje, ananiombea."

Dumu lingine likajazwa, na safari hii Kiroboto hakulikaribia. Majibu yakatoka: figo za baba zilikuwa nzima kabisa. Shangazi akalia, halafu akacheka, halafu akaomba chai.

Baba akamvuta Kiroboto kando yake.

"Kuwa na shaka si kosa, mwanangu. Ila shaka huulizwa kwa mdomo, haimalizwi kwa maji ya bomba. Ungenyamaza, tungempoteza shangazi yako."

Kiroboto akamwegemea. "Basi nauliza. Itauma?"

"Itauma," baba akasema. "Kisha itapona. Uliza lingine."