Viroba vya Mama Abel

Siku hiyo mjinga wa Katoro alikuwa Marselino, na tuseme mapema ili asisingiziwe mwingine. Ilikuwa Jumamosi ya usafi. Wanafunzi wa darasa la sita walifika sokoni na mafagio, wakawaamkia wauza dagaa, wakaanza kazi. Marselino, mmoja wao, ambaye akishika fagio hujiona bwana afya, alijichagulia mahali pake: chini ya meza ambako Mama Abel na mwanawe walikuwa wakilala tangu mvua zianze.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Sostenes, alikuwa amesema mara nyingi kwamba wanaolala sokoni wanauchafua mji. Marselino akaona hapo ndipo penye sifa. Chini ya meza palikuwa na blanketi, sufuria moja na viroba vitatu vya mchanga wa kijivu. Hakuuliza. Aliviburuta hadi kwenye shimo la barabarani linalowarushia watu matope, akavimwaga vyote, akakanyagakanyaga. Madereva wa bodaboda wakampigia honi za pongezi, na kichwa kikamvimba.

Mama Abel alirudi kutoka bombani, ndoo kichwani, Abel mgongoni. Alitazama chini ya meza, akatazama shimo, akatua ndoo polepole.

"Mwanangu," alisema, "umemwaga chumba changu."

Ndipo ikajulikana. Kwa miezi minne alikuwa akiwapikia wachimbaji wa dhahabu, nao walimlipa kama wanavyolipana wenyewe: kwa viroba vya mawe yenye dhahabu. Mchanga ule ulikuwa mawe yake, yameshasagwa karashani, kwenye mashine ya kuvunjia mawe, yakingoja kuoshwa alasiri ile yatoe dhahabu ya kupangia chumba. Mwenye nyumba alikuwa amemshikia chumba hadi jioni hiyo tu.

Soko zima likageuka bunge. Mzee Sostenes alishauri Mama Abel achangiwe nauli arudi kwao Samuye. Mihayo wa bodaboda alisema serikali ijenge jengo moja kubwa, wote wanaolala sokoni walazwe humo. Muuza dagaa mmoja alitaka wapewe chakula tu, mengine Mungu anajua. Kila mtu alikuwa na dawa, na mgonjwa amesimama palepale, hakuna anayemuuliza anaumwa wapi.

Mwalimu Zipora, aliyewaleta wanafunzi, ndiye aliyemuuliza. "Mama Abel, wewe unataka nini?"

"Mchanga wangu," alijibu.

Mwalimu alimkabidhi Marselino beleshi. Mihayo na wenzake walipanga pikipiki zao wakaziba barabara, na lori la nyanya likapiga honi mpaka likachoka. Marselino alichota hadi viganja vikatoka malengelenge, huku wenzake wakifagia kingo za shimo na kumwita mhandisi wa barabara. Viliingia viroba vitatu, vikatoka vitano, maana walizoa na matope wasije wakaacha hata chembe.

Alasiri kina mama waliozoea kazi hiyo waliosha mchanga bwawani. Marselino alisimama kando akijing'ata kucha, hadi chini ya karai kulipobaki kimstari chembamba cha manjano. Mnunuzi alipokipima, kilitosha kodi ya miezi mitatu, na kufuli juu yake.

Kabla jua halijazama, Mama Abel alikuwa ameshika ufunguo. Abel alikuwa akigonga mlango kutokea ndani, kwa raha tu ya kuwa na mlango. Marselino aliomba radhi huku ameinamisha macho. Alisamehewa, ila kwa sharti kwamba ndoo ya maji aibebe yeye hadi chumbani.

"Bidii unayo," Mwalimu Zipora alimwambia mbele ya wenzake. "Sasa ongeza kuuliza. Mtu asiye na nyumba ana mipango yake kama wewe. Ukitaka kumsaidia, anza kwa kumsikiliza."

Mzee Sostenes, aliyefuata nyuma asije akaambiwa hakuwapo, alitikisa kichwa. "Haya. Kuanzia kesho kila anayelala sokoni naye atataka chumba."

Mama Abel alimgeukia, ufunguo mkononi.

"Kwani Mwenyekiti, ulidhani tunataka meza?"