Bunduki ya Baba Ukutani kwa Coble

Jua lilikuwa likizama nyuma ya vilima vya Arkansas Oleta Pruitt alipoingia dukani kwa Coble, muuza bunduki kuukuu. Alikuja kuifuata shotigani, bunduki ya kuwindia ya marehemu baba yake. Kaka yake, Lonnie, alikuwa ameiuza kwa dola arobaini hata udongo wa kaburi haujakauka.

Ilikuwa ukutani. Kibandiko kilisema dola mia tisa.

"Ulimwambia Lonnie haina thamani," Oleta alisema, akikinyooshea kidole kibandiko.

"Bunduki ya duka tu hiyo, dada. Imegongwa jina la duka la vyuma. Nani ataitaka?"

"Usinifanye mtoto! Duka halitengenezi bunduki. Linaagiza kiwandani, linagonga jina lake. Fundi aliyeiunda, mwenye sifa kubwa, kaacha alama chini ya mtutu, Baba alinionyesha. Na wewe uliiona, mwizi mkubwa!"

Macho ya Coble yalikuwa ukutani.

"Ichukue," alinong'ona.

"Unasemaje?"

"Bure. Ichukue tu, tafadhali..."

Ndipo Oleta aliposikia harufu. Baruti. Kali, kama ya risasi iliyofyatuliwa sasa hivi.

"Nimeisafisha mara tano," Coble alisema. "Haina kitu ndani. Lakini kila jioni..."

Kach!

Bunduki ilijifungua yenyewe pale ukutani, mtutu ukainama kama wa kutiwa risasi. Moshi mwembamba ukatoka mtutuni.

Coble alirudi nyuma hadi akagonga kabati. Oleta hakurudi. Hasira ilikuwa imemjaa hata hofu ikakosa pa kukaa. Akaishusha, akatoka nayo.

Aliilaza kwenye kiti cha gari, kando yake. Kabla hajawasha, akasikia pumzi. Nzito. Za kukoroma, kama zile za baba yake siku za mwisho.

Kisha sauti.

"Lonnie yuko wapi?"

Angeweza kunyamaza. Lakini alimwona tena Lonnie pale mazishini, akitazama saa, akipiga miayo mbele ya jeneza.

"Yuko kwake, Baba," alisema. "Anakula."

Pumzi zikakoma. Alipoigusa bunduki, ilikuwa baridi kama barafu.

Akawasha gari, akaenda zake nyumbani. Hakupita kwa Lonnie kumwonya.

Mpaka leo hakuna ajuaye ni nini kilichomuua Lonnie mezani usiku ule, milango yote ikiwa imefungwa kwa ndani. Oleta naye hajui. Anajua tu ni nani aliyekielekeza.