Kundi la Mzee Dado Kwenye Lami ya Garsen

Niwieni radhi mapema. Hadithi hii naisimulia vibaya: nacheka pasipochekesha, naruka pa maana, na pale penye kutisha zaidi nilikuwa nimefumba macho. Mkitaka msimulizi bora mtafuteni dada yangu Abdia. Yeye hakufumba.

Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, jua la Garsen likikaanga hadi vivuli. Abdia alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Muuguzi akasema mtoto amekaa vibaya, lazima mama apasuliwe Malindi, tena upesi. Kabla ya lami, safari hiyo wakati wa mvua ilikuwa siku mbili za matope. Mama yetu aliianza akiwa na mimba, akarudishwa amefunikwa shuka. Siku hizi ni saa mbili. Abdia aliipenda barabara ile kuliko mumewe, na mumewe alijua.

Jirani yetu Zadock akatupakia kwenye gari lake, Probox. Nilikaa nyuma na dada, nikimshika mkono na kumtolea mizaha.

"Kaka," akasema, "mzaha mmoja zaidi nazaa kwa hasira."

Tulipopita Minjila kidogo, injini ikazima. Zadock hakugusa hata ufunguo. Alipandisha vioo.

"Ni hapa," akanong'ona. "Ng'ombe wa Mzee Dado."

Kila dereva anapajua. Hapo palikuwa na malka, njia ya mifugo kwenda mtoni, tangu enzi za mababu. Tuta la barabara lilipoinuliwa, likaiziba. Kiangazi kikaja. Mzee Dado akafika na ng'ombe sitini, hoi, wasioweza kupanda ukuta ule wa udongo. Wakaanguka mmoja mmoja, maji wakiyanusa. Mzee akaketi kati yao. Hakuinuka tena.

Na kwetu sisi wafugaji, kundi linalokwenda kunywa halikatwi katikati. Unasimama. Unangoja mkia wa mwisho.

Kengele za mti, zile za shingoni mwa ng'ombe, zikaanza kulia. Lami ilikuwa tupu. Gari likayumba, kama ubavu mzito umelisugua. Kisha ubavu mwingine. Kioo changu kikashika ukungu wa pumzi. Kwa nje.

Nusu saa. Hawakwisha. Abdia alikuwa ameacha kulia, na hilo lilinitisha kuliko kengele.

Kisha sauti kavu, nyuma ya kioo changu, kwa Kiorma, lugha yetu:

"Uliwaambia nini?"

Zadock akageuka. "Anasemaje?"

"Anatusalimu," nikajibu. Nikafumba macho.

Nikasikia mlango ukifunguka. Upande wa pili. Nyayo za dada yangu juu ya lami.

"Abdia, rudi!" Zadock akanong'ona. "Usikate kundi!"

"Mzee Dado!" Hakunong'ona, yule. "Mimi ni Abdia binti Abdullahi! Ng'ombe wako niliwalilia. Wewe nilikulilia. Lakini mama yangu alikufa kwa kukosa barabara, na mimi sifi juu yake! Ukitaka kunizuia, nizuie kwa mkono wako, nikuone! La sivyo, simamisha ng'ombe!"



Mluzi mmoja. Wa mchungaji.

Kengele zikanyamaza zote pamoja.

Abdia akarudi ndani, jasho likimtiririka, akafunga mlango kwa kishindo. "Washa gari." Zadock akawasha. Likaitika.

Ruwaida alizaliwa saa kumi kasorobo, mzima, na sauti ya mama yake.

Tulirudi baada ya juma moja. Pale pale tukakuta lami imebonyea kwato, mamia, zote zikielekea mtoni. Katikati pameachwa nafasi, upana wa Probox, bila ukwato hata mmoja. Na kando ya nafasi hiyo nyayo mbili za mtu, miguu mitupu, zimesimama mahali dirisha langu lilipokuwa. Mafundi wa barabara wameziziba kwato zote na hazikurudi. Nyayo zile wameziziba mara tatu. Zinarudi.

Watu wananiuliza: kwa nini dirisha lako, si la dereva?

Basi, nitasema. Wahandisi walipokuja kuuliza kama tuta laweza kupita pale, Mzee Dado aliwaeleza kwa Kiorma nusu saa nzima, akionyesha mto kwa fimbo, machozi yakimlengalenga. Mkalimani nilikuwa mimi. Nilikuwa na njaa, na pilau ilikuwa inapakuliwa. Nikafupisha:

"Amekubali."