Majivu ya Jumatatu Kwenye Paji la Appu

"Karibu, mwanangu, karibu ndani! Leo umefunga?"

Nilikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia la ndizi za kukaanga. Baba yangu, mzee Sivaraman, aliyewatetemesha makarani wa posta miaka thelathini, alikuwa amemshika Appu mkono, anamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kile kiti sisi wa nyumbani hatukigusi!

"Nimefunga, Baba. Tangu asubuhi," Appu akajibu.

"Na majivu amepaka! Vrinda, umeona? Vijana wenzake Jumatatu wanainunia, yeye ameanza siku yake kwa mungu wetu Shiva!"

Hapo ndipo nilipoliona lile paji la uso. Appu ni Mkristo. Jina lake la ubatizo ni Kuriakose, ila Thrissur nzima, mji wetu wa India kusini, inamwita Appu, na huku kwetu Appu anaweza kuwa wa dini yoyote. Nami nyumbani nilimtaja hivyo hivyo makusudi, "Appu ninayefanya naye kazi dukani, anakuja kuniomba kwako." Kanisani kwao Kwaresima huanza Jumatatu, si Jumatano. Padri alimchora msalaba wa majivu asubuhi, kisha kofia ya pikipiki na jasho vikausugua mpaka ukawa mistari ya kulala, kama ile tunayopaka sisi Wahindu hekaluni.

Nikamwandikia Appu ujumbe kwenye simu: "NYAMAZA! Mwache aamini hivyo hivyo. Alhamisi wanakuja wazazi wa yule injinia aliyenichagulia Baba, kuniposa!"

Appu akasoma. Nikamkonyeza. Jamani, nilishaiona harusi!

"Umepaka hekalu gani?" Baba akamuuliza.

Appu akaiweka simu mezani taratibu.

"Si hekaluni, Baba. Ni kanisani. Mimi ni Mkristo."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Mkristo?"

"Ndiyo, Baba."

"Na umekalia kiti changu?"

"Umenikalisha wewe, Baba."

Baba alimkazia macho. Nilingoja amfukuze. Badala yake akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Padri akikupaka hayo anasemaje?"

"Anasema, kumbuka wewe ni mavumbi, na mavumbini utarudi."

"Hayo ni yetu! Shiva anajipaka majivu ya mahali pa kuchomea maiti ili atukumbushe hayo hayo!"

"Kufa tunakufa sawa, Baba. Tunaachana baada ya hapo. Nyinyi mnazaliwa tena. Sisi maisha ni mara moja, halafu tunangoja kufufuliwa."

"Mara moja tu? Mtu ajifunze kila kitu kwa mara moja? Huyu Vrinda mtihani wa udereva peke yake ameurudia mara nne!"

"Baba!" nikapiga kelele.

Hawakunisikia. Walishawaka wote wawili.

"Na Mungu wenu alikuja duniani mara ngapi?"

"Mara moja, akawa mtu kama sisi."

"Wetu huja kila dunia inapoharibika. Yesu mimi simkatai. Niletee picha yake nimweke pale kwenye rafu ya miungu yetu, pembeni ya Krishna."

Nikamwomba Appu kwa macho akubali. Picha tu, shida iko wapi?

"Hapo sitaweza, Baba. Kwangu mimi hakai pamoja na wengine. Ni yeye peke yake."

"Mnatucheka tunamwogesha Mungu kwa maziwa, kumbe nyinyi mnamla!"

"Tunampokea katika mkate, ndiyo. Sina haki ya kumcheka mtu."

Baba akaangua kicheko! Nami moyo ukaanza kucheza ngoma. Kisha akawa mkavu ghafla.

"Binti yangu mtambatiza?"

"Hapana, Baba. Nimemwahidi."

Simu ya Appu ikalia. Ni mama yake, Rosamma.

"Weka sauti wote tusikie," Baba akasema. "Humu ndani hatuna siri."

Appu akasita. Baba akanyoosha kidole, akabonyeza mwenyewe.

"Appu! Umeshawaambia? Padri amekubali kumbatiza huyo Vrinda kabla ya Pasaka, kama ulivyoniahidi! Nimemchagulia jina, Elizabethi!"

Sinia likanitoka mikononi. Ndizi zikasambaa sakafuni.

"Ulimwahidi?"

"Vrinda, nisikilize..."

"Mimi uliniapia hapana, mama yako ukamwapia ndiyo?"

"Nilitaka baraka zake kwanza. Nikadhani mbele ya safari nitapata namna."

"Namna gani? Kunimwagia maji nikiwa usingizini?"

Nililia kwa hasira. Nilimpenda kufa, na sekunde ile ningeweza kumpiga na sinia.

"Mwambie ukweli sasa hivi. Au shika njia, na Alhamisi wageni wangu waje."

Appu akaishika simu kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakimdondoka waziwazi.

"Mama, nilikudanganya. Vrinda habatizwi. Tutaoana kwa msajili. Mimi kanisani sitoki, na yeye hekaluni hatoki."

Sauti ya mama yake ikaja, ndogo kabisa.

"Basi siku hiyo mimi usinitafute."

Simu ikakatwa.

Appu akajiinamia. Nilipiga magoti kati ya zile ndizi, nikamshika uso.

"Na mimi nisamehe. Mimi ndiye niliyekuandikia umdanganye baba yangu."

"Eti nini?" Baba akafoka. Akanitazama, akamtazama Appu, akashusha pumzi. "Wote waongo. Mnafaana. Alhamisi nitawaambia wale watu wasije."

Tangazo letu la ndoa likabandikwa kwa msajili siku thelathini. Hakuna aliyepinga. Siku yenyewe sheria inadai mashahidi watatu, nasi tulikuwa na wawili, Baba na tajiri yetu wa dukani. Binamu ya Appu, aliyeahidi kuwa wa tatu, alizima simu.

"Hakuna wa tatu? Basi rudini siku nyingine," msajili akasema, anafunga daftari.

"Kalamu iko wapi?"

Tukageuka. Rosamma, sari imepigwa pasi, rozari mkononi, anahema kwa ngazi.

"Mama!" Appu akaruka.

"Niache. Sijabadilika." Akanitazama mimi. "Bado nataka ubatizwe. Nitaomba kila siku."

"Omba, Mama. Nami nitakataa kila siku."

"Angalau wewe husemi uongo." Akatia sahihi. Kisha akamgeukia Baba. "Ni wewe uliyebishana na mwanangu habari za Mungu mchana kutwa, mimi sipo?"

"Ni mimi."

"Kaa hapo. Leo nipo."

Msajili ilibidi atutangaze mume na mke mara mbili, maana mara ya kwanza hakuna aliyemsikia kwa kelele za wazazi wetu.