Mguu wa Upande wa Dirisha

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, Yesenia Barragán, mtunza filamu, alifungua mkebe wa filamu namba thelathini na moja akakuta ndani yake taulo. Lilikuwa taulo jeupe la kuogea, limeviringishwa kwa ustadi hadi likaujaza mkebe, uzito wake ukitosha kumdanganya mtu anayeubeba bila kuufungua. Filamu haikuwemo.

Makao ya wazee alikofanya kazi, nje kidogo ya Los Angeles, yalikuwa ya watu waliowahi kufanya kazi ya filamu: waigizaji, mafundi wa taa, washonaji wa mavazi. Mzee ambaye hakuwahi kupigana na staa fulani, au kulala naye, alikuwa nadra kupatikana pale. Siku hiyo, saa tisa alasiri, ukumbi wao mdogo wa sinema ulikuwa upewe jina la Merritt Haskell, aliyekuwa sherifu wa *Mto Mkavu* kwenye televisheni kwa miaka saba, kisha akacheza filamu kumi na nne za sinema. Filamu iliyopotea ilikuwa sehemu ya thelathini na moja, ile ambayo sherifu anaruka kutoka darajani hadi juu ya treni inayokimbia. Mruko ule ndio uliomfungulia Haskell milango ya sinema. Kwa zaidi ya miaka hamsini alimwambia kila mtangazaji aliyemhoji kwamba aliruka mwenyewe. Na nakala ilikuwa hiyo moja tu, haijaingizwa hata kwenye kompyuta.

Saa tatu na nusu mkurugenzi wa makao, Carole Nyquist, alikuwa ameshapata mwizi wake.

"Ni Orrin Pruett," alisema. "Kamera imemwona. Polisi wanakuja saa sita, na leo hii hii anafungasha vitu vyake. Sheria ya makao ni moja kwa wote."

"Ana miaka sabini na tisa," alisema Imogene Tarrant, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari lake. "Hana mtoto, hana ndugu. Atakwenda wapi?"

"Angejiuliza hilo kabla ya kuiba, Bibi Tarrant."

Imogene alikuwa na miaka themanini na mitatu. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa karani wa mwendelezo, kazi ya kukaa pembeni ya kamera na kuandika kila kitu, ili sigara iliyofika nusu kwenye picha ya kwanza isirudi nzima kwenye picha ya pili. Alikuwa msumbufu kwa watu wengi. Lakini kulikuwa na mtu mmoja tu pale ambaye hakuweza kumtazama machoni, na huyo ni Orrin. Aliwahi kumkosea vibaya, na jambo hilo hakuwa amemwambia yeyote.

"Nipe mpaka saa sita," alisema. "Nisipopata kitu, mimi mwenyewe nitamsaidia kufungasha."

Nyquist alimtazama, akatazama saa, akakubali kwa kutikisa kichwa tu.

Imogene alianza na Yesenia, kwa sababu ufunguo wa chumba cha filamu ulikuwa wake.

"Uko kwenye kopo la kalamu, mezani kwangu," alisema Yesenia, macho mekundu. "Kila mtu anajua. Sikufikiria kama... Bibi, hawa ni wazee. Nani anaiba filamu?"

"Nani alijua umeisafisha?"

"Wote! Alhamisi wakati wa chakula cha jioni nilijisifu kama mjinga. Nilisema zamani kwenye televisheni zenu ndogo mrukaji alionekana kama kidoa tu, lakini sasa nimeifuta uchafu picha kwa picha, na kwenye kioo kikubwa mtahesabu hata kope zake."

"Nani aliacha kula?"

"Hakuna. Orrin hakuwepo. Yeye na Bwana Haskell hawakai meza moja, si unawajua."

Imogene aliandika, kisha akaenda kwa Armen Keshishyan, mlinzi wa mapokezi, ambaye alikuwa akila mbegu za alizeti mbele ya runinga zake za kamera.

"Bibi, hapa hakuna fumbo," alisema Armen. "Korido ya kwenda chumba cha filamu ni moja. Madirisha upande mmoja, ukuta upande wa pili, mlango mwisho. Tazama. Jana, saa saba na dakika ishirini mchana."

Picha ilionyesha mgongo wa mtu mwenye kofia pana na koti la ngozi la kahawia, vitu vya Orrin ambavyo makao yote yalivifahamu kwa harufu ya tumbaku. Alikwenda akichechemea, mguu wa upande wa madirisha ukiburuta, akaingia.

"Na hapa saa saba na dakika thelathini na nne. Anatoka na mfuko wa nguo chafu."

Mtu yule alikuja sasa akielekea kamera, kofia imeshuka hadi puani, mguu wa upande wa madirisha ukiburuta.

"Unaona? Kaingia anachechemea, katoka anachechemea. Nani mwingine hapa anatembea hivyo?"

"Koti lake huwa linakaa wapi?"

"Linaning'inia nje ya mlango wake. Bi Nyquist kakataza moshi vyumbani. Lakini bibi, koti halijifundishi kuchechemea."

"Rudisha nyuma," alisema Imogene. Aliitazama mara tatu. Akaandika kwenye daftari neno moja mara mbili, *dirisha, dirisha*, akalifunga. Armen alimwuliza ameona nini, naye akamwambia bado.

Saa nne na dakika kumi aligonga chumba cha Merritt Haskell. Alimkuta mbele ya kioo, nywele nyeupe zimechanwa, akisoma hotuba yake kwa sauti. Hata akiwa na miaka themanini na mitano alikuwa mzuri wa kuudhi.

"Imo wangu! Wamekutuma kunihoji? Leo mimi ndiye ninayeumia, ujue. Filamu yangu!"

"Jana saa saba na nusu ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nasoma hotuba yangu. Nimekutaja humo. Nimesema, bila Imogene ningevaa kofia mbili na kuvuta sigara tatu. Kila kitu ulinikumbusha wewe: kofia, sigara, mguu..." Alicheka, kisha akashusha sauti. "Sitaki kumtaja mtu. Lakini kuna mwenzetu amenionea wivu miaka hamsini. Hata kadi ya pongezi alikataa kusaini. Namhurumia, kweli."

"Unamhurumia."

"Sana," alisema Merritt, na akarudi kwenye kioo.

Orrin Pruett alikuwa ameketi kitandani, mkoba wazi miguuni pake. Alikuwa ameweka ndani mashati mawili na jozi ya viatu vya kupandia farasi. Maisha yake yote alilipwa kuanguka badala ya mastaa, kutoka kwenye mapaa, farasi na magari, na sasa alionekana kama mtu aliyechoka kuinuka.

"Umekuja kunisaidia kukunja nguo?" alisema.

"Jana saa saba na nusu?"

"Nililala. Peke yangu, kwa bahati mbaya. Miaka arobaini iliyopita ungepata mashahidi wawili."

Imogene hakuweza kutabasamu. "Kwa nini hukusaini kadi?"

"Imeandikwa 'kwa mtu aliyeruka'. Nisaini vipi? Lakini kuiba... Imo, mimi ndiye wa kwanza niliyetaka waionyeshe. Sikuwahi kuiona. Ilipotoka kwenye televisheni nilikuwa hospitali, nimefungwa plasta mpaka kifuani."

Imogene alitazama sakafu. "Naomba usimame. Tembea mpaka mlangoni."

Orrin alisimama kwa kuguna, akatembea. Nyonga ya kushoto ilizama, mguu wa kushoto ukaburuta. Akageuka, akarudi, na mguu wa kushoto ukaburuta tena.

"Daima ni huo?"

"Ulitaka nibadilishe Jumapili kwa Jumapili?" alisema. "Si unajua tangu lini, Imo. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo," alisema Imogene, akatoka haraka.

Saa tano na dakika tano walikuwa wote chumbani kwa Merritt: Nyquist, Yesenia, Armen na mbegu zake, na Orrin, aliyekataa kiti. Merritt alikuwa amefunga tai.

"Bibi Tarrant," alisema Nyquist, "natumaini si mchezo."

"Armen, ukiingia ile korido, madirisha yako mkono gani?"

"Kushoto."

"Na ukitoka?"

Armen aliacha kutafuna. "Kulia."

"Mtu wetu aliburuta mguu wa upande wa madirisha akiingia, na wa upande wa madirisha akitoka. Kwenye runinga yako unaonekana upande ule ule, ndiyo maana hukushtuka. Lakini aliingia akiumwa mguu wa kushoto, na dakika kumi na nne baadaye akatoka akiumwa wa kulia. Nyonga ya Orrin ilivunjika mahali kumi na moja. Haihamihami."

Nyquist alifumba macho, akatembeza vidole viwili hewani kama anayepita koridoni, akafumbua.

"Kwa hiyo mtu alimwigiza," alisema.

"Na aliigiza vibaya. Mwaka wa tatu wa *Mto Mkavu*, sherifu alipigwa risasi ya paja. Kila siku asubuhi alichechemea kushoto. Kila siku baada ya chakula cha mchana alichechemea kulia, na mimi nilisimama nikapiga kelele mbele ya watu sitini: 'Mguu mwingine, Merritt!' Mwisho nikawa namwekea kijiwe kwenye kiatu."

Merritt alijitazama kwenye kioo, kisha akaacha kujitazama.

"Ungeniambia tu, Imo," alisema polepole. "Tulikuwa wawili tu leo asubuhi. Ungesema 'mguu mwingine', ningejua umejua."

"Filamu iko wapi?"

"Kwenye kapu la nguo. Nimekata ule mruko. Sekunde kumi na moja, kwa mkasi wa kucha. Nilitaka kuuchoma, mkono ukakataa." Alitoa kikopo cha kunyolea ndevu, akakiweka mezani, na ndani yake utepe mwembamba ulikuwa umejikunja. "Ni uso wa Orrin. Unaonekana wazi kama mchana. Leo wangekaa watu mia mbili mle ndani, wajukuu zangu wakiwa mstari wa mbele, na babu yao anageuka mtu mwingine hewani. Nimekuwa yule anayeruka tangu kabla mama zao hawajazaliwa. Sijui kuwa mwingine."

"Kwa hiyo ukavaa koti langu," alisema Orrin.

"Na kofia yako, ndiyo iliyonificha uso," alisema Merritt, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya jukwaani. "Nilifikiri watakukaripia tu. Sikujua kuhusu sheria ya kufukuza. Nilipoijua leo asubuhi, nilinyamaza. Hilo ndilo baya kuliko yote, najua."

"Mwoga wewe," alisema Yesenia.

"Ndiyo. Lakini muulizeni na yeye." Merritt alimnyooshea Imogene kidole, bila hasira. "Ripoti ya siku ile. Nani aliandika kwamba niliruka mwenyewe?"

Wote wakamgeukia. Imogene alikuwa amejua tangu asubuhi kwamba njia hii inaishia hapa.

"Mimi," alisema. "Tarehe kumi na nne Oktoba, elfu moja mia tisa sabini na moja. Mtayarishaji alisema habari ya staa anayeruka mwenyewe itaokoa kipindi. Orrin aliruka akavunjika nyonga juu ya treni, nami nikaandika 'Haskell, mruko, mara moja, safi'. Nikaandika pia kwamba Pruett alikuwa mlevi, akapata ajali kwa gari lake nje ya eneo la kazi. Sahihi ni yangu. Baada ya hapo hakuna aliyempa kazi tena hata ya kushika farasi. Nilimpelekea supu hospitali mara tatu, nikakaa, nikashindwa kumwambia."

Orrin alimsogelea hatua moja. "Ile ya mlevi ilikuwa wewe? Nilimlaumu Merritt."

"Ilikuwa mimi."

"Mimi nilikuwa sinywi, Imo. Mama yangu alikuwa wa kanisa. Alikufa akiamini nilikunywa."

Imogene aliona aibu mpaka mikono, hakujua aiweke wapi.

Nyquist aliwapigia polisi wasije. Akaichukua hotuba ya Merritt, akaichana mara mbili, akampa karatasi tupu. "Saa tisa utasimama mbele ya hao mia mbili," alisema, "na utawaambia. Ukumbi utabaki bila jina, na suala la kufungasha tutalizungumza kesho." Merritt alikaa akaanza kuandika, na ilionekana kwamba hakuwa amewahi kujiandikia maneno yake mwenyewe.

Orrin alikuwa na ombi moja. Alitaka kuiona filamu kabla ya watu wengine.

Yesenia aliuunga utepe kwa dakika ishirini. Saa sita na robo walikaa ukumbini watatu tu, Yesenia nyuma kwenye mashine, Orrin katikati, na Imogene viti vinne mbali naye, kwa kuwa hakuthubutu kukaa karibu. Daraja likaja, treni ikaja. Kijana mwembamba mwenye koti la sherifu akakimbia hatua tatu, akajitupa. Kwenye kioo kikubwa uso wake ulionekana wote, mdomo wazi, akicheka kwa raha. Kisha akagonga paa la treni, na picha ikakatwa kuwa Merritt anayejipangusa vumbi.

"Rudia," alisema Orrin.

Yesenia akarudia. Orrin aliinama mbele, mikono kwenye kiti kilicho mbele yake.

"Nilikuwa mzuri," alisema kwa mshangao. "Hebu niambie, Imo. Macho yako yalikuwa hayakosi kitu. Siku ile, pale pale, ilionekanaje? Niliruka vizuri?"

Imogene alisogea viti vinne, akakaa kando yake. Angeweza kumwambia ndiyo, na ingekuwa rahisi, naye Orrin angefurahi.

"Sijui," alisema. "Sikuona. Uliporuka nilikuwa nimeinamisha kichwa, nimeshaanza kuandika jina la Merritt."